Nyota Tano za Ukoo Mzima

Wapo wanaoichukia Jumatatu kwa sababu ya usingizi. Kitinda aliichukia kwa sababu ya simu ya bosi.

Tumjue kwanza huyu Kitinda. Jina hilo ni la nyumbani, maana yeye ndiye kitinda mimba wa mama yake, na mtoto wa mwisho hata akiota mvi ataitwa tu wa mwisho. Kazini walimwita Dada Mpishi. Alipika katika mgahawa wa ghorofa mbili: chini watu wanakula, na juu, siku za mwisho wa juma, watu wanacheza muziki mpaka sahani za kabatini zinagongana zenyewe. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alikuwa na watoto wawili wa shule na mama mzee wa kutunza, na wote hao walikula kwa sababu yeye anapika kule. Kazi ile ikiondoka, na wao chakula chao kimeondoka. Hakuna fumbo hapo.

Sasa, bosi. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Hapigi kelele wala hatukani. Lakini ana ugonjwa mmoja: kusoma kwenye simu maoni ya wageni waliokula na kucheza kwake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, anawapanga wafanyakazi wote mbele ya kaunta, anavaa miwani, anasoma kwa sauti yote yaliyoandikwa wiki nzima. Mabaya na mazuri, bila kuruka neno. Husema, "Mgeni ni kioo, jiangalieni." Kioo gani hicho kinachofukuza watu kazi? Muosha vyombo alikwenda zake kwa ajili ya alama ya rangi ya mdomo kwenye glasi moja, na rangi yenyewe huenda ilikuwa ya huyo huyo mgeni.

Maoni mengine yalichekesha, mradi tu hayakuhusu. Mgeni mmoja aliandika kwamba spika ya juu iko karibu mno na meza, ameongea na mchumba wake kwa ishara mpaka wameachana bila kujua. Mwingine akasema mlinzi wa mlangoni amemtazama kama mwizi, na yeye alikuja kusherehekea kupandishwa cheo. Mwingine: "Mhudumu wenu mmoja mnamwita Spidi. Aliyempa jina hilo ana roho mbaya." Spidi mwenyewe alicheka hilo, lakini alicheka amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Halafu ikaja zamu ya Kitinda. Bosi akasoma: "Wali mgumu. Nyama imepoa. Mpishi anachungulia dirishani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Sirudi." Nyota moja.

Akanyanyua macho. "Dada Mpishi, hii ni mara ya pili. Ya kwanza niliinyamazia. Ya tatu ikija, tusilaumiane."

Kitinda akasema, "Sawa, bosi." Angesema nini tena?

Jambo moja linanikera katika habari hii, ngoja nilitoe. Kila maoni yalizaa sheria. Mgeni aliona kupitia dirisha la kupitishia sahani kwamba mpishi anaonja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani. Bosi akapiga marufuku kuonja wageni wakiwapo. Mgeni mwingine akalalamika kungoja. Bosi akatundika saa kubwa jikoni, akaandika wali uepuliwe saa ngapi na nyama igeuzwe saa ngapi, hata kama wali wenyewe bado unalia. Baada ya ile nyota moja akaongeza lake: akaanza kusimama nyuma ya Kitinda wakati anapika, simu mkononi, kimya. Wewe jaribu kukata kitunguu mtu akikupumulia shingoni, uone kama hutakata kidole.

Siku ile Kitinda alirudi nyumbani akapitia kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani anayeishi nyumba ya pili. Huyu dada ana mdomo na ana moyo, na vyote viwili havijawahi kuwekwa breki.

"Wali wako mgumu?" Dada mkubwa alisimamisha cherehani. "Wewe? Aliyesema hivyo ana meno kweli?"

"Kasema, dada. Na bosi kasoma mbele za watu. Ikija moja tena, ndiyo basi."

"Haiji."

"Utaizuiaje?"

"Nimekwambia haiji. Nenda kalale, mama."

Kitinda akaenda, lakini kulala hakulala. Alilala macho juu akihesabu mabati, anafikiria ada, anafikiria dawa za mama, anafikiria nani atamwajiri mpishi aliyefukuzwa kwa wali. Mpishi afukuzwe kwa samaki, watu wataelewa. Lakini wali!

Asilolijua ni kwamba dada mkubwa hakulala pia. Alikuwa kwenye kundi la ukoo katika simu, anapiga mbiu. Kitinda hakuwemo, maana simu yake ni ya vitufe, inapokea na kupiga, basi. Dada mkubwa aliwaambia ndugu wote: mtoto wetu anaonewa, kila mwenye simu aingie kwenye ukurasa wa mgahawa ule, asifie, ampe nyota tano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga pale. Lakini nani aliuliza? Ukoo ule ukiitwa kwenye vita hauulizi adui ni nani.

Jumatatu iliyofuata bosi alikuja anatabasamu, na jambo hilo peke yake lilimtisha Kitinda.

"Leo kuna neema," akasema, akavaa miwani. "Sikilizeni. 'Chakula kitamu mno, hasa ile supu ya kuku yenye tangawizi. Nilikuwa na mafua, yamekwisha palepale.' Nyota tano."

Wenzake wakapiga makofi. Kitinda aliganda. Mgahawa ule hauuzi supu ya kuku. Haijawahi kuuza. Supu ya kuku yenye tangawizi anaipika nyumbani, mtu wa familia akiumwa.

Bosi akaendelea. "'Upishi wa mpishi huyu ni wa kiwango cha kuridhisha sana, na ningependa uongozi umtazame kwa jicho la huruma. Naomba kuwasilisha.'" Huyo alikuwa shemeji, mwalimu, ambaye hata akiomba chumvi mezani huomba kuwasilisha. Kitinda aliisikia sauti yake kama yuko nyuma ya kaunta.

"'Mwenye mgahawa ubarikiwe wewe na uzao wako. Mpishi wenu ni binti mwenye adabu, kalelewa akaleleka. Supu yake ni dawa. Pia kama kuna nafasi ya ulinzi, nina kijana wangu, hanywi.'" Mjomba! Mlinzi wa mlangoni akaguna.

"'Nimependa sana. Vitanda visafi, na maji ya moto yapo.'"

Bosi akaisogeza simu karibu na macho. Akaisoma tena taratibu, midomo ikicheza bila sauti. "Vitanda? Sisi tuna vitanda?"

"Labda huko juu, bosi," Spidi akasema. "Wakichoka kucheza."

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. Akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati, na uso ukabadilika pole pole. Akasema kwamba asubuhi ile wenye ule mtandao wamemwandikia. Wameona sifa nyingi zimemiminika kwa mkupuo, karibu zote za kumsifu mpishi mmoja, nyingi zikitaja supu moja. Ikithibitika ni za uongo, wataweka alama nyekundu kwenye ukurasa wa mgahawa ili kila mgeni ajue asiuamini.

"Kuna mtu humu anachezea jina langu," akasema. "Nitampata. Na nikimpata, awe nani awe nani, ataondoka."

Kitinda aliingia jikoni akatia chumvi kwenye mchuzi, akaangalia saa, akatia chumvi tena. Alikuwa ameogopa neno moja baya, na sasa yanayommaliza ni mazuri.

Mapumziko ya mchana hakula. Alitoka mbio na aproni yake, mpaka kwa dada mkubwa.

"Dada, mmenifanya nini?"

"Wamesoma?" Dada mkubwa aling'aa uso. "Wamefurahi, eh?"

"Mna wazimu nyie? Nani kasema tuna vitanda?"

"Shangazi. Nilimwambia ni mgahawa, akasema mgahawa wowote wa maana haukosi vyumba."

"Na supu? Mmeiona wapi supu kule?"

Hapo dada mkubwa akakunja kitambaa alichokuwa akishona. "Si ndiyo tunayoijua, jamani. Tungesifia nini?"

Kitinda akakaa juu ya furushi la vitambaa, akalia. Alilia kwa hasira na kwa mapenzi, vyote pamoja, mpaka dada mkubwa naye akaanza kulia bila kuambiwa. Kisha akamweleza: alama nyekundu, bosi anamtafuta mtu, na mtu mwenyewe ni yeye.

"Futeni," akasema. "Leo hii. Kabla hajajua."

"Tutafuta. Wallahi tutafuta mpaka jioni."

Na wakafuta kweli. Shemeji akafuta, shangazi akafutiwa na mjukuu wake, binamu wakafuta. Akabaki mjomba. Mjomba ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na hapendi kushikiwa simu. Alipoambiwa afute maneno yake, alielewa kama anavyoelewa muungwana yeyote: ukitaka kufuta neno ulilosema mbele za watu, simama mbele za watu hao hao useme umelifuta. Basi akakaa, akavaa miwani yake, akaandika pale pale, mahali ambapo dunia nzima inasoma:

"Maneno yangu ya mwanzo nayafuta. Mpishi ni mpwa wangu, na tuliombwa na dada yake. Sijafika hapo bado. Samahani kwa usumbufu. Suala la kijana wangu libaki."

Bosi hakungoja Jumatatu. Kesho yake asubuhi alimwita Kitinda kwenye kaunta, peke yake, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza.

"Mjomba wako anakusalimu," akasema, akamgeuzia simu.

Kitinda alisoma mstari wa kwanza, mingine ikakimbia. Mikono yake ilikwenda yenyewe nyuma ya kiuno, ikaanza kufungua aproni. Kichwani hakuwaza kitu kikubwa. Aliwaza tu apite njia gani nyumbani asikutane na watu.

"Usivue," bosi akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, bosi. Nimejua uliposoma."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Bosi alizungusha simu juu ya kaunta kwa kidole. "Waite," akasema mwishowe. "Wote waliosifia. Jumamosi mchana waje wale chakula chetu, kile tunachouza, kama wageni wengine. Halafu waandike upya walichokiona. Wenye mtandao wakiuliza, nitasema hao watu wapo na wamekula. Lakini waandike kweli. Wakinidanganya nitajua, maana sasa nawajua. Jumatatu nitasoma. Wakisema unapika vizuri, utabaki. Wakisema hupiki, mimi nifanyeje? Ndugu zako ndio watakaokuwa wamesema."

Angefukuzwa siku ile ingekuwa nafuu. Sasa ilibidi asubiri, na asubiri kuhukumiwa na ndugu zake.

Jumamosi mchana wakaja. Walivaa kama wanakwenda kuposa. Shangazi alikuwa na mkoba mpya, shemeji amefunga tai mpaka shingo imevimba, mjomba amebeba fimbo ambayo haihitaji. Dada mkubwa alikuwa na gauni aliloshona usiku, bado lina uzi mmoja unaning'inia begani. Waliketi meza ndefu ya katikati wakaangaza dari, wakaangaza ngazi za kwenda juu, wakamuuliza Spidi kama muziki unachezwa na mchana. Shangazi akamuuliza vyumba viko upande gani.

Jikoni, Kitinda alikuwa na bosi nyuma yake.

Alitaka kupika kama hajawahi kupika. Lakini saa ilikuwa ukutani na bosi alikuwa shingoni. Saa ilipofika pale pake, akaepua wali. Moyo ulimwambia bado, ungoje kidogo. Hakungoja. Alitaka kudondoshea mchuzi kiganjani, mkono ukanyanyuka nusu, akakumbuka, akaushusha. Nyama akaigeuza kwa wakati wa karatasi. Alipopakua sahani ya mwisho, mkono ulimtetemeka hata bosi mwenyewe akamwambia, "Taratibu."

Mjomba aliombea chakula sala ndefu, akawataja na marehemu. Kisha wakaanza kula. Kitinda alisimama kando ya dirisha la sahani, akachungulia kwa jicho moja. Mwanzo walipiga soga, vijiko vikilia. Halafu soga ikapungua. Halafu wakanyamaza.

Ukimya ule aliujua. Ni ukimya wa watu wenye adabu walioalikwa mahali ambapo chakula hakikukubali. Shemeji alitafuna tonge moja muda mrefu sana. Shangazi akaomba maji. Dada mkubwa akaweka kijiko chini, akanyanyua macho, akatazama moja kwa moja dirishani. Wakagongana macho. Kitinda alijaribu kutabasamu. Dada mkubwa hakutabasamu. Alimtazama yeye, kisha akatazama juu ya bega lake, akabaki anatazama huko.

Waliondoka bila kumuaga. Hilo lilimuuma kuliko wali.

Usiku alipita kwa dada mkubwa. Mlango umefungwa, cherehani inakwenda ndani.

"Dada, umeandika?"

Cherehani ikanyamaza. "Usiniulize, Kitinda. Ukiniuliza nitakudanganya, na nimeambiwa nisidanganye."

"Sema tu ni mabaya kiasi gani."

"Kalale."

Akarudi kwake. Mama mzee akamuuliza mbona hali, akasema ameshiba kazini, uongo wa kawaida wa wapishi.

Jumatatu wakapangwa. Bosi akavaa miwani. Kitinda alisimama mwisho wa mstari, karibu na mlango, na usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kuomba: wanangu, bosi, mama yangu, bosi, nipe hata kazi ya kuosha vyombo.

Shemeji alikuwa wa kwanza: "Chakula kilikuwa cha wastani. Naomba kuwasilisha." Nyota tatu. Shangazi: "Wahudumu wana adabu. Vitanda sijaonyeshwa." Mjomba alisema chakula kilikuwa cha baridi kidogo, lakini huenda sala yake ilichangia. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanajua kinachosubiriwa.

"Huyu wa mwisho ni dada yako," bosi akasema. "Nyota mbili."

Kitinda alishika ukingo wa kaunta. Mbili. Dada yake wa tumbo moja.

Bosi akasoma. "'Mpishi ni mdogo wangu. Wali ulikuwa mgumu. Yule mgeni wa kwanza alisema kweli na mimi nilimtukana bure, anisamehe. Lakini huyo niliyemwona hapo siye mpishi ninayemjua. Mdogo wangu nyumbani anapikia wagonjwa, wafiwa na maharusi, na sijawahi kuona sahani yake ikirudi na kitu. Anaonja, anangoja, anaongea na sufuria peke yake kama kichaa. Hapo kwenu nimemwona kupitia dirisha. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na kuna...'"

Bosi akasita. Akasafisha koo. Angeweza kuruka, na nani angejua? Lakini hakuwa amewahi kuruka neno la mtu mwingine.

"'...na kuna mwanamume amesimama nyuma yake na simu. Mdogo wangu hajasahau kupika. Anaogopa. Mtu mwenye hofu hapiki, anafuata amri tu. Nimempa nyota mbili kwa sababu mmeniambia niseme kweli, na nimelia nilipozibonyeza.'"

Jokofu la vinywaji lilikuwa linanguruma peke yake. Bosi aliendelea kuishika simu mbele ya uso, ingawa maneno yalikuwa yamekwisha.

"Ni mimi huyo nyuma," akasema. Haikuwa swali, lakini alingoja jibu.

"Ni wewe, bosi."

"Unaniogopa?"

Kitinda alitafuta yale maneno aliyoyapanga usiku, ya watoto, ya mama, ya kuosha vyombo. Hayakuja hata moja. Lilikuja lingine, likatoka kabla hajalizuia.

"Nakuogopa kuliko moto."

Bosi akageuza macho kwa Spidi. Spidi akatazama viatu vyake. Akageuza kwa mlinzi wa mlangoni, jibaba lile ambalo wageni wanaandika kwamba linatisha, na mlinzi naye akatazama chini. Bosi akapita mstari mzima hivyo, mtu mmoja mmoja, na hakupata macho ya hata mmoja. Akavua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka, ambaye naye halali.

"Nenda kapike," akamwambia Kitinda. Akatoa kiti kimoja juu ya meza, akakiweka chini, akakikalia. "Mimi nitakaa huku."

Kitinda akaingia jikoni, akafunga aproni vizuri. Akapima mchele, akauosha, akabandika maji. Akashika kiberiti, lakini mikono ilikuwa bado inatetemeka na njiti ya kwanza ikavunjika. Akaiweka chini. Akasimama pale mbele ya jiko, akaingoja mikono yake itulie, na hakuna aliyemwambia fanya haraka.